Upande wa Mawe

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, maana hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa, wapimaji walipofika bondeni kwao na kupigilia vigingi vyekundu kwenye mashamba ya mahindi. Kwetu ni upande wa Tanga, kando ya mto ambao sehemu ile hauonekani tena kwa kuwa umelazwa chini ya bwawa. Pamoja na wapimaji alikuwapo kijana wa ukoo wetu, aliyefika darasa la nane, na kazi yake ilikuwa kuwatafsiria. Babu akamuuliza vigingi vile ni vya nini. Kijana akajibu kwamba ni vya barabara. Babu akafurahi. Akapanda mihogo mpaka kwenye mstari wa vigingi, ili mabasi yatakapoanza kupita wasafiri wanunue.

Habari hii mama alitusimulia mara nyingi, dada yangu na mimi, na kila mara aliishia mahali palepale: siku maji yalipoonekana kwenye mihogo, yakija taratibu bila kelele, na baba yake akatoka na furushi moja kichwani kwa sababu hakuwa amejiandaa kwa furushi la pili. Makaburi ya wazee yalibaki. Mama hakuwalaani waliojenga bwawa. Alisema umeme ni kitu cha lazima, na sisi wenyewe tumesomea taa yake. Aliyemlaani ni yule kijana. "Angesema tu," alikuwa akisema. "Maji hayana hila. Mwenye hila ni mtu."

Nilikuja Texas mwanzoni mwa miaka ya tisini kusomea uhandisi wa maji. Nilipanga chumba Garland, pembeni mwa Dallas. Mchana nilisoma, jioni nikapanga maboksi kwenye ghala la vipuri. Jumapili nilikwenda kukaa kando ya ziwa lililo mashariki ya mji, na ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba si ziwa. Karibu kila maji mapana yanayoizunguka Dallas ni bwawa: mtu alichora mstari, akaziba mto, akasubiri. Chini yake zimo barabara za zamani na misingi ya nyumba, na wavuvi wa Jumapili hutia nanga juu ya mashamba ya watu bila kujua wala kutaka kujua.

Darasani mwalimu wetu alituonyesha kwa slaidi mabwawa makubwa ya dunia. Kariba, linalobeba maji mengi kuliko bwawa lolote lililojengwa na binadamu. Lile la Volta, pana kuliko yote. Aswan. Lile la Wachina, ambalo wakati huo lilikuwa bado linajengwa na tayari watu walikuwa wakihamishwa kulipisha. Zilikuwa picha nzuri, zilizopigwa kutoka mbali: ukuta mweupe, maji ya buluu, mbingu. Nakiri kwamba nilizipenda. Wiki ile nikanunua kadi ya simu, nikampigia mama Tanga, nikamweleza habari za Kariba kwa majivuno kana kwamba nimelijenga mimi.

"Na watu wake walikwenda wapi?" akauliza.

"Kitabu hakisemi, mama."

"Basi kitabu hicho hakijaisha. Wewe kisome tu, lakini ujue hakijaisha."

Nilipohitimu nilipata kazi katika ofisi ndogo ya wahandisi huko Irving, jirani na uwanja wa ndege wa Dallas, mahali ambapo chai hutetemeka kikombeni ndege inapopaa. Kazi yangu ilikuwa kukokotoa mvua: itaanguka wapi, itakimbilia wapi, itakaa kwa muda gani. Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka sita, alikuwa muuguzi Houston. Alikuwa ameachika, hakujaaliwa mtoto, na duniani alitaka jambo moja: kumleta mama na kumpa nyumba ambayo hakuna mtu atakayemtoa. Tangu lile furushi la babu, mama alikuwa ameishi katika vyumba vya kupanga, na mara tatu aliambiwa ahame. "Chumba cha chini," dada alikuwa akisema, "asipande ngazi. Dirisha lake lielekee kibla, na choo kiwe humohumo ndani. Mama atulie sasa."

Nyumba hiyo aliipata Katy, kitongoji cha Houston, katika mtaa mpya ambao miti yake ilikuwa bado imefungiwa vijiti vya kuishikilia. Akanitumia karatasi kwa faksi. "Nisomee Kizungu chenu cha wahandisi," akaniambia kwa simu. "Mimi najua cha dawa tu."

Karatasi ya tatu ilikuwa ramani ya viwanja. Pembeni, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba sehemu ya ardhi ile huweza kufunikwa kwa muda mrefu na maji yaliyozuiwa. Yaliyozuiwa na nini? Nikatafuta. Magharibi mwa Houston yako mabwawa mawili yaliyojengwa kabla sisi hatujazaliwa, ili kuukinga mji na mafuriko. Ukuta wake ni tuta refu la udongo lililooteshwa nyasi, wala halitishi kwa kimo, na nyuma yake kwa kawaida hakuna maji. Kuna msitu, paa wanaokula majani, viwanja vya mpira, njia za baiskeli. Mvua kubwa ikinyesha, milango hufungwa na msitu huo ndio unaogeuka bwawa. Serikali ilichukua ardhi ya chini, ile inayolowa mara kwa mara. Ile ya juu kidogo, ambayo bwawa likijaa kweli italowa nayo, ilibaki mikononi mwa watu binafsi, nao wakajenga. Nilichukua mwinuko wa sakafu ya nyumba ya dada, nikauweka kando ya mwinuko wa bwawa lililojaa. Nilirudia hesabu mara mbili. Nyumba haikuwa karibu na bwawa. Ilikuwa ndani yake.

Dada alikuwa asaini Jumatano. Niliona si jambo la kusema kwa simu, kwa hiyo Jumamosi nikaendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Irving mpaka kwake Houston, nikiyapanga maneno njia nzima. Nilipofika, mlangoni palijaa viatu vya wanawake. Alikuwa amewaalika jirani zake Waswahili, wa Mombasa na wa Unguja, wamsomee Yasini ili jambo lake liishe kwa heri. Chetezo kilikuwa kinafuka ubani. Nilimkuta jikoni akipakua biriani.

"Dada, kuhusu ile nyumba," nikaanza. "Kuna jambo la maji..."

Akanibandika kiganja mdomoni, kikiwa bado na mafuta. "Shh! Usinichurie! Watu wako kwenye Yasini, wewe unaniletea maji?"

Bibi mmoja wa Kiunguja, ambaye wote walimwita Bimkubwa, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na jiko akichambua kachumbari. Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, jambo la heri halitiwi uchuro. Kama una dua, itie. Kama huna, kula."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema wanaume wa Dallas wana wivu kwa kuwa wao wanaishi kwenye fleti. Nami nikacheka. Nikapokea sahani, nikala.

Msomaji ambaye hakukulia kwetu atauliza kwa nini mtu mzima, mwenye shahada, anyamazishwe na neno kama hilo. Uchuro kwetu si imani ya wajinga peke yao. Mtu anayetaja kifo kwenye arusi, au ajali mbele ya msafiri, akaja msafiri akapata ajali kweli, hatahesabiwa kuwa alionya. Atahesabiwa kuwa aliita. Nilijua kwamba nikisema, kisha pakatokea lolote, hata bomba likapasuka, litakuwa langu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya pili, ambayo nilikataa kuitazama kwa miaka mingi, ni kwamba ilikuwa rahisi kunyamaza, na biriani ilikuwa nzuri. Jumatano dada akasaini. Nilijiambia kwamba mvua ya kulijaza bwawa lile huenda isinyeshe katika uhai wetu.

Mama akaja mwaka uliofuata. Alikipenda chumba chake kwa namna iliyoniumiza: alipapasa kuta, akafungua na kufunga dirisha, akauliza kama kweli ufunguo ni wake. Alipanga vitu vyake vichache kana kwamba vingekaa pale mpaka kiama.

Siku moja, nilipokwenda kuwatembelea, nikamchukua kwa gari akanyooshe miguu kwenye lile tuta, kwa sababu juu yake kuna njia nzuri ya kutembea na upepo. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Pengine nilidhani kwamba bwawa bila maji halitambuliki. Tulipanda. Mama akasimama, akashika kiuno, akageuka huku na huku. Karibu na milango ya maji, ubavu mmoja wa tuta, ule wa magharibi, ulikuwa umepangwa mawe. Ubavu wa pili ulikuwa nyasi tupu.

"Hili ni boma la maji," akasema.

"Ni tuta tu, mama."

"Mimi sikusoma, lakini boma la maji nalijua. Nimeliona likijengwa, tulikuwa tukiwapelekea vibarua ndizi. Mawe hupangwa upande unaopigwa na maji. Upande wa pili hawahangaiki nao." Akanyoosha kidole kuelekea magharibi, kule kwenye mapaa ya Katy. "Tulipotoka nyumbani hatukupanda popote mpaka hapa. Sisi tuko upande wa mawe?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Waendesha baiskeli wawili walipita, mmoja akatusalimia kwa mkono, na nikawaangalia mpaka wakawa wadogo. Kisha nikasema, "Hapana, mama. Mawe hayo ni ya kuzuia udongo usimomonyoke. Bwawa linaishia msituni. Sisi tuko nje."

"Nje?"

"Nje kabisa."

Akanitazama. "Haya. Wewe ndiye uliyesomea."

Wiki ile dada akanipigia simu akicheka. Mama alikuwa amefunga furushi, akaliweka nyuma ya mlango wa mbele. Ndani yake mlikuwa na msahafu, pasipoti, tochi, chupa ya maji, doti ya kanga, picha ya baba, na sanda yake aliyoletewa kutoka Makka. "Mama anataka kutoroka," dada akasema kwa sauti ili mama asikie. "Ana miadi na mzee."

Nikamsikia mama nyuma yake: "Mzee gani? Wa huku wote wanavaa kaptula."

Nikacheka tena. Ninapoyakumbuka mambo haya huona jinsi nilivyocheka mara nyingi.

Furushi lilikaa pale zaidi ya mwaka. Dada aliliondoa mara kadhaa, akalipeleka kabatini. Asubuhi lilikuwa limerudi. Alianza kuhofia kwamba akili ya mama inachakaa, akataka kumpeleka kwa daktari. Aliniomba ushauri. Nilimwambia amwache, ni tabia tu za wazee.

Kisha ikaja wiki ya mvua. Ilinyesha siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika televisheni watabiri wa hali ya hewa walivua makoti wakabaki na mashati. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, simu iliita mezani kwangu Irving. Alikuwa mama. Dada alikuwa kazini, na huko huwezi kumpata muuguzi kwa simu.

"Mwanangu, maji yamefika kwenye uwanja wa mpira," akasema. "Sisimizi wekundu wanaelea, wameshikana kama donge la ugali. Sisimizi hawahami bure. Niambie tena, tuko upande gani?"

Wenzangu walikuwa wamekaa pande zote, na mkubwa wa ofisi alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri mchoro. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimefungua kipimo cha maji ya bwawa lile. Tangu asubuhi nilikuwa nikikitazama. Maji yalikuwa yakipanda, ila yalikuwa bado chini ya nyumba, tena kwa nafasi ya kutosha. Kwa siku ile, mama alikuwa salama. Ningeweza kumwambia hivyo: tuko ndani, lakini leo hayafiki. Ilikuwa sentensi fupi. Lakini nusu yake ya kwanza ingevunja kila kitu nilichosema juu ya tuta, kwa hiyo nikaiacha hata nusu ya pili.

"Tuko nje, mama. Nilishakwambia. Funga mlango, kaa ndani, dada atarudi jioni."

Nilisikia mvua kwenye simu. "Haya," akasema.

Alijitwika furushi lake, akatoka. Ncha ya tuta ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu ya kijana. Sijui yeye alitumia muda gani. Alipanda mpaka juu. Mtu mmoja aliyetumwa kukagua tuta alimkuta alasiri, amekaa juu ya furushi, amejifunika kanga mbili zilizolowa, anatazama magharibi. Hakuwa na Kiingereza cha kumweleza. Alimwonyesha kwa kidole: mawe, maji, mapaa ya nyumba. Yule bwana, dada alinisimulia baadaye, alisema alidhani bibi huyu anamwonyesha kwao. Na ndivyo ilivyokuwa.

Nimonia ilimchukua kwa siku kumi na moja. Nilifika hospitali usiku wa kwanza na sikuondoka. Siku ya saba, dada alipokwenda kubadilisha nguo, mama alifumbua macho, akaondoa barakoa ya hewa kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilipanda nione," akasema. "Toka juu, mtu huona vizuri. Nyumba iko ndani."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja anilaani kama alivyomlaani kijana wa vigingi. Hakunilaani. Alinipa mkono wake nimrudishie barakoa, na kabla sijaiweka sawa akasema, "Mwambie dada yako. Usimwache na mihogo."

Tulimzika katika makaburi ya Waislamu nje ya Houston, ndani ya sanda yake, ambayo dada aliifua na kuianika kwanza kwa sababu ilikuwa imelowa. Kabla kaburi halijachimbwa niliutafuta mwinuko wa kiwanja kile kwenye ramani. Nilikiangalia kama mwizi, nimekaa garini peke yangu kwenye maegesho ya hospitali. Kiko nje. Angalau yeye hatafunikwa.

Maji hayakuingia nyumbani. Yalifika mwisho wa mtaa, yakalamba nyasi za jirani wa mwisho, yakaanza kurudi. Waliokuja kutupa pole walimwambia dada ashukuru, nyumba imesalimika, na Bimkubwa alisema kwamba Yasini ile ilifanya kazi yake.

Sikumwambia dada siku ile, wala wiki ile. Nilingoja hitma ya arobaini, watu waondoke, sufuria zioshwe. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama, miguu imevimba kwa kusimama, aliponiuliza swali ambalo lilikuwa likimla: kwa nini mama atoke kwenye nyumba kavu aende kukaa mvuani? Ni akili, au ni yeye dada ndiye aliyemwacha peke yake mno?

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia faksi.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujasaini."

"Kabla ya Yasini?"

"Siku ya Yasini nilikuja kukwambia."

Akakumbuka. Nilimwona akikumbuka; alikitazama kiganja chake. Nikadhani, na nasema hili kwa aibu, kwamba huenda tutagawana.

"Siku ile nilikuziba mdomo mimi," akasema. "Kesho yake alikuziba nani?"

Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akavuta droo, akarudi na penseli, ile aliyokuwa akiandikia orodha ya dukani. Akanikabidhi.

"Chora."

"Nini, dada?"

"Wewe ndiye uliyesomea. Bwawa likijaa, maji yatafika wapi humu ndani? Chora."

Nilipima kutoka sakafuni kwa futi ya chuma iliyokuwa mfukoni mwangu, nikachora mstari kwenye ukuta wa chumba cha mama, kutoka pembe ya dirisha la kibla mpaka kwenye fremu ya mlango. Ulipita juu ya godoro, juu ya mto, juu kidogo ya mahali ambapo mtu aliyeketi kitandani huegemeza kichwa. Dada akaketi tena palepale alipokuwa ameketi, akainua mkono, akaugusa mstari bila kugeuka kuutazama.

"Hapa?"

"Hapo."

Kisha akachukua msahafu wa mama kutoka kwenye meza ndogo, akaupandisha kwenye rafu ya juu, akaniambia niende zangu Irving, njia ni ndefu. Hajauza nyumba. Anasema hawezi kumuuzia mtu asiyejua, na kwa anayejua haiuziki. Huniruhusu kuja mara moja kwa mwaka, siku ya kumsomea mama. Ukuta umepakwa rangi upya mara mbili tangu wakati ule, na mara zote mbili fundi ameambiwa auruke mstari.